UTALII HAPA KIMUKA: MGENI AJE, LAKINI MWENYEJI APONE



Siku hizi ikifika Jumamosi, magari ya kutoka Nairobi yanapita hapa Kimuka yakiwa na watu waliovaa viatu vya kupandia mlima. Wanapanda milima ya Ngong, wanatazama Bonde la Ufa, wanapiga picha, halafu wanarudi mjini jioni. Maji ya kunywa wamekuja nayo, na chakula pia. Wanachotuachia sisi ni vumbi na chupa tupu.

Katika mikutano ya vikundi tumekuwa tukiulizwa maswali mawili. La kwanza: je, sisi nasi tunaweza kupata riziki kutokana na wageni hawa? La pili ni zito zaidi, nalo ni hili: mtu akija kutaka kukodi au kununua ardhi ya ukingoni ili ajenge kambi ya watalii, na akaahidi kazi kwa vijana na maji kwa kina mama, tumjibu nini?

Katika toleo hili tunajaribu kueleza utalii unavyofanya kazi, wenzetu wa Kajiado wamepitia mambo gani, na kikundi cha kijijini kianzie wapi. Someni pamoja. Asiyejua kusoma asomewe na mwenzake.

UTALII NI BIASHARA YA NAMNA GANI?

Wengi wetu tunaposikia neno utalii, twafikiria ndege, kamera na simba. Lakini mtalii ni mtu yeyote aliyetoka kwake akaenda mahali pengine kwa muda, kwa kupumzika, kuona au kujifunza. Mwalimu wa Thika anayekuja kupanda Ngong ni mtalii sawasawa na Mjerumani aliye Amboseli.

Ukiuza mbuzi, mnunuzi anamchukua mbuzi na kwenda naye. Hajali boma lako likoje. Katika utalii mambo ni kinyume. Mnunuzi anakuja mwenyewe hadi nyumbani na kuila bidhaa papo hapo. Kwa hiyo bidhaa yako ni mlima pamoja na njia ya kwenda huko, choo, maji ya kunawa, salamu za watoto, na usalama wa gari lake alipoliacha. Kimoja kikiharibika, vyote vimeharibika. Ndiyo sababu mtu mmoja hawezi kufanya utalii peke yake katikati ya kijiji ambacho hakijakubali.

Jambo la pili ni pesa kuvuja. Mgeni wa kutoka ng'ambo hulipa nauli ya ndege, wakala wa safari, hoteli na gari kabla hajamwona mwanakijiji hata mmoja. Pesa hizo zinapita mikono mingi, na kila mkono unabakiza chake. Ni kama debe lililotoboka: ukilibeba kutoka mtoni hadi nyumbani, unafika na maji ya chini tu. Kazi ya kikundi ni kuziba matundu yaliyo karibu nayo. Chakula kipikwe hapa, nyama inunuliwe hapa, mwongozaji awe kijana wa hapa, na ushanga uuzwe na aliyeushona.

NCHI YETU ILIVYOUJENGA UTALII

Mbuga ya kwanza ya taifa nchini Kenya ni ile ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946, jirani zetu kabisa. Baada ya uhuru serikali iliona kwamba wanyama wanaweza kuleta fedha za kigeni. Mwaka 1975 Chuo cha Utalii kilifunguliwa Nairobi ili vijana wetu wafundishwe kazi za hoteli na uongozaji. Mwaka 1977 uwindaji ulipigwa marufuku, na tangu hapo mgeni anakuja na kamera badala ya bunduki. Ilipofika mwaka 1987, utalii ulikuwa unaleta fedha za kigeni nyingi kuliko kahawa.

Hata hivyo, biashara hii ni kama maziwa: inachacha haraka. Bomu lililolipuka Nairobi mwezi wa Agosti 1998 liliwatia wageni hofu. Fujo za baada ya uchaguzi wa 2007 ziliacha hoteli nyingi tupu mwanzoni mwa 2008. Mwaka 2019 Kenya ilipokea wageni wa kimataifa zaidi kidogo ya milioni 2. Mwaka 2020, corona ilipofunga viwanja vya ndege, hawakufika hata laki 6. Walirudi polepole, na mwaka 2024 walikuwa karibu milioni 2.4.

Tunajifunza nini hapo? Kwanza, anayetegemea utalii peke yake anaweza kulala njaa kwa jambo lililotokea nchi nyingine. Pili, mgeni wa Nairobi ana thamani yake. Mipaka ilipofungwa, hoteli na kambi nyingi ziliwageukia Wakenya wenyewe. Sisi wa Kimuka tuko karibu na jiji la mamilioni ya watu. Hiyo ni mali ambayo wenzetu wa mbali hawana.

Ni vizuri pia kujua ni mlango upi wa kubisha. Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, sera na maendeleo ya utalii wa taifa ni kazi ya serikali kuu, lakini utalii wa mahali ni kazi ya kaunti. Sheria ya Utalii ya mwaka 2011 iliweka Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, ambayo hutoa leseni kwa hoteli, kambi na waongozaji. Bodi ya Utalii ya Kenya kazi yake ni kuitangaza nchi. Kwa hiyo msiende kuomba leseni ya kambi kwa bodi ya matangazo. Mtazungushwa bure.

WENZETU WA KAJIADO WAMEPITIA NINI?

Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mafunzo. Kaunti yetu imeona mema na mabaya ya utalii.

Amboseli. Mwaka 1961 Amboseli ilikabidhiwa halmashauri ya Kajiado. Mwaka 1974 serikali iliifanya mbuga ya taifa, na wafugaji wakatakiwa kuacha vinamasi vyenye maji yanayotoka chini ya Kilimanjaro. Waliahidiwa maji ya bomba nje ya mbuga badala yake. Mabomba yalifanya kazi kwa muda, halafu yakaanza kuharibika, na ng'ombe wakarudi kwenye vinamasi. Wakati ule morani waliwachoma wanyama mikuki kuonyesha uchungu wao. Mwaka 2005 serikali ilitangaza kuirudisha Amboseli kwa halmashauri, lakini mahakama ikabatilisha hatua hiyo. Mwaka 2023 serikali ilitangaza tena kwamba usimamizi utarudi kwa kaunti. Funzo: ahadi ya maji lazima ionyeshe nani atatengeneza bomba likipasuka, na kwa pesa gani. Kuchimba kisima ni kazi ya mwezi, lakini kukitunza ni kazi ya miaka.

Kitengela. Wanyama wa Mbuga ya Nairobi walikuwa wakitoka upande wa kusini na kuenea katika nyanda za Kitengela wakati wa mvua. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kwa mwaka, ili wasizungushe ua, wasichimbe mawe na wasilime, bali wawaache wanyama wapite. Jambo la busara lilikuwa hili: malipo yaligawanywa mara tatu kwa mwaka, yakipangwa kuingia wakati wa karo za shule. Kina mama waliona pesa hizo zikifanya kazi. Lakini bei ya ardhi ilipanda, mji ukakua, na dola 4 zikashindwa kushindana na mnunuzi wa ploti. Leo ukienda Kitengela unaona kuta na waya mahali nyumbu walipopita. Funzo: malipo ya kutunza ardhi yakipangwa vizuri husaidia, lakini yakiwa madogo hayawezi kuizuia ardhi isiuzwe.

Kimana na Shompole. Upande wa Loitokitok, wanachama wa ranchi ya kikundi ya Kimana walifungua hifadhi yao ya wanyama mwaka 1996. Ilisifiwa sana kwa sababu ilikuwa ya jamii yenyewe. Lakini kuwa na ardhi na wanyama hakutoshi. Lazima kuwe na hesabu, magari, matangazo na watu waliofundishwa. Baada ya miaka michache hifadhi ilikodishwa kwa kampuni. Huko Shompole, karibu na Ziwa Magadi, jamii iliingia ubia na mwekezaji, na loji yao ikajulikana hadi ng'ambo. Baadaye ubia uliingia mgogoro na loji ikafungwa. Funzo: ubia bila mkataba unaoeleweka na kila mwanachama ni kama boma bila mlango.

Olkiramatian. Majirani wa Shompole walianza na malisho. Waligawanya ardhi yao: upande mmoja wa mto Ewaso Ng'iro ni wa makazi na mashamba, na upande mwingine ni wa kutunzwa ili ng'ombe wapate majani wakati wa kiangazi. Kwa kuwa majani yapo, wanyamapori nao wapo. Kina mama wa huko wana kituo chao kinachoitwa Lale'enok, ambapo watafiti na wageni wanalala na kulipa. Mgeni asipokuja, ng'ombe bado wanakula. Funzo, nalo ndilo kubwa kuliko yote: utalii uongezwe juu ya kazi yetu ya kawaida. Usichukue nafasi yake.

KIMUKA TUNA NINI?

Kabla ya kuomba wafadhili, kikundi kikae chini na kuhesabu mali yake. Hapa kwetu tunaweza kuandika haya:

Milima ya Ngong, yenye kilele cha Lamwia kinachofika mita 2,460 kutoka usawa wa bahari. Sehemu ya msitu iko chini ya Shirika la Misitu, na wageni hulipa kiingilio. Sheria ya Misitu ya mwaka 2016 inaruhusu jamii kuunda chama cha jamii cha msitu na kuomba haki ya kufanya shughuli kama utalii ndani yake. Kwa hiyo msiseme, "Mlima ni wa serikali, sisi hatuna letu."

Mitambo ya umeme wa upepo. Miwili ya kwanza iliwekwa kwenye milima ya Ngong mwaka 1993. Watoto wa shule za Nairobi wanapenda kuiona.

Bonde la Ufa na mlima Suswa ulio mbele yetu. Suswa una mapango marefu, na wafugaji wa huko wanavuna maji ya kutumia kutokana na mvuke unaotoka ardhini.

Olorgesailie, kwenye barabara ya Magadi, ambako kuna mashoka ya mawe ya watu wa kale yaliyotengenezwa mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Mgeni anayekwenda Olorgesailie leo anaweza kuja Kimuka kesho akijua kwamba tupo.

Halafu kuna mali ambayo hatuioni kwa sababu tumeizoea: wazee wanaojua majina ya kila mti na dawa yake, kina mama wanaojua maana ya kila rangi ya ushanga, vijana wanaojua njia za mbuzi mlimani, nyama choma, maziwa ya kibuyu, na usiku ulio na nyota. Mtu wa gorofani Nairobi hana hata kimoja kati ya hivyo.

TUFANYE HESABU KWANZA

Mali bila daftari hupotea bila habari. Tuchukue mfano. Hizi ni tarakimu za kufundishia tu, kila kikundi kiweke bei zake.

Tuseme kikundi cha watu 25 kinapokea wageni 12 siku ya Jumamosi. Kila mgeni analipa shilingi 1,500 kwa kutembezwa, chakula cha mchana na chai. Mapato ni shilingi 18,000.

Matumizi:
Chakula, 400 kwa kila mgeni: 4,800
Waongozaji wawili, 1,200 kila mmoja: 2,400
Wapishi wanne, 500 kila mmoja: 2,000
Maji, kuni na usafi: 1,000
Wenye mashamba yanayopitiwa, 100 kwa kila mgeni: 1,200
Jumla: 11,400

Kinachobaki ni shilingi 6,600. Wengine wataanza kuzidisha kwa Jumamosi 52 na kuona utajiri. Ngoja kwanza. Mwezi wa Aprili kuna matope. Kuna wiki za sherehe, wiki za msiba, na wiki ambazo hakuna aliyepiga simu. Tuseme mnapata makundi 20 kwa mwaka. 6,600 mara 20 ni shilingi 132,000. Mkigawana watu 25, kila mmoja anapata shilingi 5,280 kwa mwaka mzima.

Je, hizo ni pesa mbaya? Hapana. Zinasaidia kununua sare na madaftari, tena waongozaji na wapishi wameshalipwa kando. Lakini hazitoshi kumfanya mtu auze ng'ombe wake au akope benki ili ajenge vibanda. Ukame wa miaka ya 2021 hadi 2023 ulituonyesha jinsi mifugo inavyoweza kwisha. Basi utalii na uwe mguu wa pili wa kusimamia, pamoja na mifugo, kuku na akiba ya kikundi.

Msisahau pia kuweka sehemu kumi kwa mia ya mapato yote kwa matengenezo. Katika mfano wetu ni shilingi 1,800 kila safari, zinazotoka katika zile 6,600. Choo kikibomoka mwezi wa saba, pesa iwepo.

USHANGA: NANI ANALIPWA KWA MIKONO YAKE?

Kina mama wengi tayari wako katika utalii bila kujua, kwa maana wanashona ushanga unaouzwa mijini. Tuangalie mkufu mmoja, tena kwa tarakimu za mfano. Ushanga ni shilingi 180, uzi na waya 40, sehemu ya nauli 30. Jumla ni 250. Umeushona siku mbili. Kama siku yako ni shilingi 200, hiyo ni 400. Gharama ya kweli ya mkufu ni 650.

Sasa broka anakuja na kusema, "Mama, nitakupa mia nne, pesa taslimu." Unaona 400 kwa 250 na kufikiri umepata faida. Kumbe umepoteza 250 ya jasho lako. Mgeni akiununua hapa kwa shilingi 1,000, mnabaki na 350 juu ya gharama. Mia moja iende kwa kikundi, 250 iwe yako.

Hatusemi broka ni adui. Siku ambayo hakuna mgeni, yeye ndiye soko. Lakini anayejua gharama yake anaweza kujadiliana. Asiyejua anabembelezwa tu. Kikundi kikubaliane bei ya chini ambayo hakuna mwanachama atauza chini yake, na kila kitu kiwe na karatasi ya bei. Hiyo inazuia ile tabia ya kumzunguka mgeni kama nzi, kila mmoja akimvuta na kupunguza bei ya mwenzake. Mgeni anayevutwavutwa hanunui, anakimbilia gari.

MWEKEZAJI AKIJA NA KARATASI

Hapa ndipo pana hatari kubwa. Ardhi ikishatoka, hairudi. Sehemu kubwa ya ardhi yetu imeshagawanywa, kila mtu ana hati yake, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuitwa pembeni na kutia sahihi. Lakini ukumbuke kwamba nyumba na ardhi ya familia haiwezi kuuzwa au kukodishwa bila idhini ya mke au mume. Hiyo ni sheria, si fadhila. Mahali ambapo ardhi bado ni ya jamii, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inasema mkataba wa uwekezaji ni halali tu ukipitishwa na thuluthi mbili ya watu wazima katika mkutano wa jamii. Sahihi za viongozi watatu hazitoshi.

Kabla ya sahihi yoyote, ulizeni maswali haya:

1. Ni kukodi au kununua? Kama ni kukodi, ni kwa miaka mingapi, na kodi inapanda kila baada ya muda gani?

2. Tunalipwa vipi? Ni vizuri kuwe na sehemu mbili: kodi ya kudumu ya kila mwaka, na ada ya kila mgeni anayelala. Ada peke yake ni hatari, kwa sababu mwaka kama 2020 mngepata sifuri. Kodi peke yake nayo inawaacha nyuma biashara ikistawi.

3. Tutaona kitabu cha wageni? Kama hamruhusiwi kukagua, hamtajua kama walilala 10 au 100.

4. Ng'ombe watapita wapi, na wakati wa kiangazi watakunywa wapi? Iandikwe na ichorwe kwenye ramani.

5. "Kazi kwa vijana" maana yake nini? Ni wangapi, kazi gani, mshahara kiasi gani, na nani atawafundisha wapande vyeo? Kulinda lango miaka ishirini si maendeleo.

6. Mkataba ukiisha, majengo ni ya nani?

7. Tukikosana, tunakwenda wapi? Kwa wazee, kwa msuluhishi, au kortini Nairobi?

Karatasi isomwe kwa sauti mkutanoni, kwa Kiswahili na kwa Kimaasai. Kina mama na vijana wawepo. Tafuteni wakili ambaye hakuletwa na mwekezaji. Mwekezaji mzuri hataogopa kungoja mwezi mmoja. Yule anayesema "tia sahihi leo, kesho nampa jirani" mwacheni aende kwa jirani, na mkamwonye jirani mapema.

KUJITANGAZA

Watu husema chema chajiuza. Ni kweli nusu. Hata chema lazima kijulikane kilipo. Lakini msianze na mabango makubwa. Anzeni na mgeni mmoja aliyeridhika. Mwandikeni jina na simu yake kwa idhini yake, mpigieni baada ya miezi mitatu. Shule, makanisa, vikundi vya vijana na wafanyakazi wa ofisi za Nairobi hutafuta mahali pa kwenda siku moja. Barua fupi au ujumbe wa simu wenye mambo matano unatosha: mahali, bei, muda, kinachopatikana, na nani wa kupigia.

Semeni ukweli. Kama hakuna simba, msiseme kuna simba. Kama njia ni ngumu kwa wazee, semeni. Picha ziwe za mahali penyewe, na anayepigwa picha awe amekubali.

HESHIMA, WATOTO NA USALAMA

Wako wageni wanaotaka kuona "manyatta ya kitalii" na ngoma kwa amri, kana kwamba sisi ni maonyesho. Kikundi kiamue chenyewe ni nini cha kuonyesha na nini ni cha nyumbani. Sherehe za rika na mambo ya wazee si lazima yawe na kiingilio. Mzee akieleza historia, alipwe kama mwalimu anavyolipwa. Asitupiwe sarafu.

Watoto wasiombe peremende wala pesa. Mtoto aliyepata shilingi mia kwa kusimama barabarani ataona darasani ni kupoteza wakati. Wageni wanaotaka kusaidia shule waelekezwe kwa kamati ya shule, na watoto wasipelekwe peke yao na mgeni yeyote, hata akiwa mkarimu namna gani.

Mlimani kuna nyati, na ukungu hushuka ghafla. Makundi yatembee na mwongozaji na, inapohitajika, askari wa misitu. Kila mgeni aandikwe jina akipanda na akishuka. Takataka za mgeni zirudi na mgeni, kwa maana ng'ombe aliyemeza karatasi ya nailoni ni hasara yetu.

TUANZIE WAPI?

Kikundi kihakikishe kimesajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii. Kiwe na akaunti yenye sahihi tatu na daftari linalosomwa kila mwezi. Kisha, miezi mitatu ya kwanza, msijenge kitu isipokuwa choo kizuri na mahali pa kunawa. Pokeeni makundi mawili au matatu madogo. Baada ya kila kundi, kaeni mjiulize: nani alifanya kazi, nani alilipwa, nani alinung'unika na kwa nini? Mwenye shamba asiyelipwa leo ndiye atakayefunga njia kesho.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tumezoea nusu ya kwanza ya methali hiyo, kwa sababu ukarimu tunao. Nusu ya pili inataka daftari, mkataba na umoja.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Taja vitu vitano hapa Kimuka ambavyo mgeni angelipa kuviona au kuvionja. Kila kimoja ni mali ya nani?

2. Fanyeni hesabu ya safari moja kwa bei zenu wenyewe. Mkipata makundi 10 tu kwa mwaka, bado inafaa?

3. Bei ya chini ya mkufu, bangili na hereni katika kikundi chenu ni ngapi? Nani atasimamia?

4. Kama mtu angekuja kesho kutaka ardhi ya ukingoni, nani angeitwa mkutanoni? Je, kina mama wangekuwepo?

5. Kiangazi kikija, mifugo yetu itapita wapi?

Vikundi vitakavyojadili maswali haya vituletee majibu yao kwa maandishi, pamoja na hesabu zao. Tutayaandika katika toleo lijalo ili wengine wajifunze.